Anwani za Intaneti Majumbani: Za Zamani au Mpya?



Katika mitaa ya Nakawa, upande wa mashariki wa jiji la Kampala, intaneti si jambo la maofisini peke yake tena. Nyaya zinazopitisha mwanga zimetandazwa juu ya nguzo kuelekea Bugolobi, Ntinda na Naguru, na katika nyumba nyingi kimo kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta, ambacho mafundi hukiita ruta. Mwenye nyumba hulipa kila mwezi, hupewa neno lake la siri, na mambo yakaendelea. Ni wachache wanaojiuliza kisanduku hicho kimepewa anwani gani, na kwa nini kimepewa hiyo na si nyingine. Hata hivyo swali hilo, ambalo wahandisi wamelibishania kwa zaidi ya miaka 25, limekwisha kuingia majumbani mwetu, na gharama yake tunailipa ingawa haiandikwi katika risiti. Katika mazungumzo yetu ya leo tutalitazama swali lenyewe: je, nyumba ya mtu wa kawaida iendelee na anwani za intaneti za zamani, au ihamie kwenye zile mpya?

Hapana budi kwanza tuelewane juu ya anwani. Kila chombo kinachotaka kuzungumza katika intaneti, kiwe simu, kompyuta, televisheni au kamera ya kulinda duka, huhitaji namba ya kukitambulisha, ili kinachotumwa kifike kinakotakiwa na majibu yarudi kwa aliyeuliza. Anwani zinazotumika zaidi hadi leo ni za toleo la nne la itifaki ya intaneti. Kanuni zake ziliandikwa mwezi Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa Marekani, uliokuwa mama wa intaneti, ukaanza kuzitumia rasmi. Anwani ya namna hiyo ni tarakimu 32 za sifuri na moja, nasi tunaiandika kwa mafungu manne, kama vile 192.168.1.1, ambayo mafundi wengi wa Kampala wanaijua kama wanavyolijua jina la mtaa wao. Ukihesabu namba zote zinazowezekana unapata 4,294,967,296 na wala haiongezeki moja.

Bilioni nne na ushei zilionekana nyingi kupita kiasi. Vinton Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, ameeleza mara kadhaa kwamba wakati ukubwa huo ulipochaguliwa, miaka ya 1970, yeye na wenzake waliona wanafanya jaribio tu. Hawakudhani kwamba jaribio hilo ndilo litakalobebeshwa dunia nzima. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake makubwa ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda, na tangu siku ile hakuna fungu jingine kubwa la namna hiyo lililotoka huko.

Wahandisi hawakusubiri siku hiyo ndipo wafikiri. Mwezi Desemba 1995 walitoa kanuni za kwanza za toleo la sita. (Msikilizaji atauliza toleo la tano lilikwenda wapi: namba hiyo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na majaribio ya kupitisha sauti na picha, nayo hayakuenea.) Anwani ya toleo la sita ina tarakimu 128 badala ya 32. Hesabu yake ni 340 ikifuatwa na sifuri 36, na hakuna haja ya kutafuta jina la namba hiyo. Linalotosha kujua ni kwamba nyumba moja haipewi anwani moja, bali hupewa mtaa mzima, na katika mtaa mmoja zimo anwani nyingi kuliko zile zote za zamani zilizoko duniani.

Sasa, ikiwa dawa ilipatikana mapema hivyo, kwa nini leo tungali tunabishana?

Sababu ya kwanza ni kwamba anwani hizi mbili hazielewani. Hapa wazee wa Kampala watakumbuka mfano mwema. Zamani namba za simu za mezani za jiji hili zilianza na 041, na za simu za mkononi za kampuni moja zilianza na 077. Namba zilipokaribia kujaa, ikaongezwa tarakimu moja: 041 ikawa 0414, na 077 ikawa 0772. Watu walinung'unika, wakabadilisha vibao vya maduka, na baada ya muda wakazoea. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu namba ya zamani ilikaa ndani ya namba mpya, na mitambo ya simu ilijua kuipokea. Anwani za intaneti hazikufanyiwa hivyo. Chombo kinachojua toleo la nne peke yake hakiwezi kuzungumza na kinachojua toleo la sita peke yake, ila awepo mkalimani katikati. Kwa hiyo kila anayehama hana budi kusema lugha zote mbili kwa miaka mingi, na anayegharamia kuhama leo hafaidiki sana mpaka wenzake nao wahame. Hali ya namna hiyo humfanya kila mmoja amngoje mwenzake.

Sababu ya pili ni kwamba ilipatikana hila ya kuahirisha maumivu, na hila hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kile kisanduku cha nyumbani. Ili kuieleza, tuchukue jambo ambalo Mwafrika wa Mashariki hahitaji kufundishwa, nalo ni sanduku la posta.

Nchi zetu hazikuwa na desturi ya tarishi kupita nyumba kwa nyumba. Tangu enzi za shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yaliwekwa hapa hapa Kampala kwa mkataba wa 1967 mpaka jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, barua ziliendelea kufika katika masanduku. Wengi hawakuwa na sanduku lao. Walitumia la shule, la kanisa, la msikiti, au la kiwanda alichofanya kazi shemeji. Barua ilifika kwa namba moja, na karani akasoma jina la ndani na kuipeleka kwa mwenyewe. Watu mia tano waliweza kutumia namba moja, na posta haikujali.

Ruta ya nyumbani ndiyo karani huyo. Kampuni inayouza intaneti huipa anwani moja ya hadharani. Ndani ya nyumba, ruta nayo hugawa anwani zake za faragha, zilizotengwa kwa kazi hiyo na kanuni ya mwezi Februari 1996, nazo ni zile zinazoanza na 192.168, au na 10, na nyingine chache. Anwani hizo hazina maana nje ya nyumba. Za Nakawa ni sawa na za Nairobi na za Muscat, kama vile kila shule ilivyo na darasa la kwanza. Simu yako inapoomba ukurasa, karani huandika katika daftari lake nani ameomba nini, huliondoa jina la ndani na kuweka namba ya sanduku, kisha jibu likirudi hutazama daftari na kulipeleka panapostahili.

Hila hii ilistahili kusifiwa. Bila yake intaneti ingalikwama kabla Afrika haijaunganishwa vema, maana nyaya za chini ya bahari, zilizoanza kutua Mombasa mwaka 2009 na kuifikia Kampala kwa njia ya nchi kavu, zilitukuta anwani zikiwa ukingoni kwisha. Lakini karani ana udhaifu wake. Anajua kupeleka majibu ya barua zilizotoka ndani. Ikija barua ambayo hakuna aliyeiomba, yenye namba ya sanduku tu bila jina lililomo katika daftari, huitupa. Mtu wa nje hawezi kuanza mazungumzo na chombo kilichomo nyumbani.

Hapa ndipo mabishano ya nyumbani yanapoanzia. Wapo wanaosema, na wengi wao ni mafundi wenye uzoefu, kwamba udhaifu huo ni faida. Nyumba haionekani kutoka nje, mwizi hajui ndani mna vyombo vingapi, na printa ya bei ndogo isiyo na ulinzi wowote inasitirika nyuma ya ruta. Huongeza kwamba anwani za zamani hukaririka. Fundi huweza kumwambia mteja kwa simu, "andika 192.168.1.1," na kazi ikaisha, lakini anwani mpya, yenye mafungu manane yaliyochanganya tarakimu na herufi, nani ataitaja kwa simu mbaya bila kukosea? Husema pia kwamba chombo kilichonunuliwa miaka kumi iliyopita hakijui toleo jipya na bado kinafanya kazi, wala mwenye nyumba hana fedha za kukitupa. Na mwisho husema, kwa haki kabisa, kwamba nyumba yao imeishi bila anwani mpya na hawajaona lililopungua.

Hoja hizi tusizidharau. Ile ya kukariri ni ya kweli, ingawa mtu wa kawaida hakariri namba yoyote siku hizi, hata ya simu ya mkewe. Ile ya vyombo vya zamani ni ya kweli zaidi, na ndiyo inayothibitisha kwamba hakuna nyumba ya Kampala itakayozima anwani za zamani kesho asubuhi. Lakini ile ya ulinzi imechanganya mambo mawili. Karani wa barua si askari wa getini. Kinachomzuia mgeni asiingie ni amri ya kutoruhusu mazungumzo yasiyoanzia ndani, na amri hiyo ruta huweza kuitekeleza kwa anwani mpya sawasawa na kwa za zamani. Wahandisi waliandika pendekezo hilo kwa watengenezaji wa ruta za nyumbani mapema mwaka 2011. Kwa upande mwingine, karani hamzuii mtu wa ndani aliyedanganywa kufungua ujumbe wenye sumu, na wizi mwingi wa siku hizi huingia kwa mlango huo.

Inafaa hapa kutaja hofu moja iliyokuwa na msingi. Mwanzoni, chombo kilijitungia anwani mpya kwa kutumia namba ya kudumu iliyopigwa chapa kiwandani, hivyo mwenye simu angeweza kufuatiliwa kutoka nyumbani hadi kazini kwa mkia ule ule wa anwani. Dosari hiyo ilitafutiwa dawa tangu Januari 2001, na simu na kompyuta za sasa hujibadilishia mkia kila baada ya muda.

Wanaotetea anwani za zamani aghalabu huizungumzia nyumba yenye ruta moja na anwani moja ya hadharani. Nyumba za namna hiyo zipo, lakini si ndizo zilizo nyingi kwetu. Tuchukue vyumba vya kupangisha, vile viitwavyo mizigo kwa Kiganda. Mwenye nyumba amelipia intaneti, ana ruta yake. Mpangaji wa chumba cha mwisho hapati mawimbi vizuri, anavuta waya na kuweka ruta yake mwenyewe. Karani wa kwanza huyo. Ruta ya mwenye nyumba ni karani wa pili. Kisha kampuni yenyewe, kwa kuwa haina anwani za kumtosha kila mteja, imeweka karani wa tatu katika mitambo yake, anayewakusanya wateja wengi chini ya anwani moja ya hadharani. Karani huyu mkubwa alitengewa hata anwani zake maalumu mwezi Aprili 2012, zinazoanza na 100.64 mpaka 100.127, zipatazo milioni nne na laki mbili.

Sasa mpangaji huyo ana kibanda cha kuuza vipuri sokoni, ameweka kamera, naye angependa akiwa nyumbani jioni aone kama kufuli limefungwa. Kamera haiwezi kufikiwa moja kwa moja, maana barua ya kutoka nje hutupwa na karani wa kwanza atakayekutana nayo. Fundi aliyezoea atasema, "tutamwagiza karani aipitishe." Atamwagiza wa ruta ya kibandani. Lakini yule karani mkubwa yumo ndani ya kampuni, na mteja hana ufunguo. Linalobaki ni kununua huduma ya mtu wa kati, mara nyingi aliye ng'ambo, ambaye kamera humpelekea picha, kisha naye akazileta. Picha za duka lililo mwendo wa dakika kumi kwa miguu zinasafiri hadi bara jingine na kurudi, mteja anazilipia data, na asiyemjua anazihifadhi. Huo ndio mmoja wa gharama nilizosema haziandikwi katika risiti.

Ya pili ni kuchukuliana makosa. Watu mia wakitumia sanduku moja, na mmoja wao akaandika barua za utapeli, posta ya mbali hulifungia sanduku zima. Ndivyo inavyotokea. Mtu anafungua ukurasa wa benki au wa duka, anaambiwa athibitishe kwamba yeye ni binadamu, achague picha za taa za barabarani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hajafanya lolote. Amepewa tu anwani moja na jirani asiyemjua, ambaye simu yake ina programu mbovu.

Ya tatu ina uzito zaidi. Polisi wanapochunguza wizi uliofanyika kwa njia ya mtandao, mara nyingi walichonacho mkononi ni anwani na saa. Ikiwa anwani hiyo ilitumiwa na wateja mamia kwa wakati ule ule, basi haimtaji mtu. Kampuni hulazimika kuweka daftari la kila mlango mdogo uliofunguliwa na kila mteja, sekunde kwa sekunde. Na anwani moja ina milango 65,536 ya namna hiyo ya kugawana. Saa ya kampuni ikitofautiana kidogo na saa ya mlalamikaji, jina linalotoka ni la mtu mwingine. Mwananchi asiye na hatia ana kila sababu ya kutaka jambo hili lieleweke.

Upungufu wenyewe nao haukugawanyika sawasawa. Shirika linalogawa anwani kwa Afrika, AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005, wakati sehemu kubwa ya anwani za dunia ilikwisha kuchukuliwa. Akiba yote iliyopitia mikononi mwake ni kama milioni 120, kwa bara lenye watu wapatao bilioni moja na nusu. Viko vyuo vikuu na makampuni Marekani ambayo kila kimoja kiligawiwa, miaka ya mwanzo, zaidi ya anwani milioni 16. Tangu Januari 2020 kampuni ya Afrika ikiomba anwani za zamani kwa AFRINIC hupewa zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Kampuni yenye wateja elfu hamsini itafanya nini nazo? Itaweka karani, au itakwenda sokoni, ambako anwani huuzwa na kukodishwa kwa dola kama viwanja.

Na soko hilo limeleta fitina. Kampuni moja iliyosajiliwa Shelisheli ilikuwa imepewa anwani zipatazo milioni sita kutoka fungu la Afrika, ambazo kwa sehemu kubwa zilikodishwa nje ya bara hili. AFRINIC ilipotaka kuzichukua, kesi zikafunguliwa Mauritius. Mwezi Julai 2021 akaunti za shirika zilifungiwa kwa amri ya mahakama, mwaka 2023 likawekwa chini ya msimamizi, na halikupata bodi mpya ya kuchaguliwa mpaka Septemba 2025. Haki katika shauri hilo iko upande gani si kazi ya mazungumzo haya kuamua. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba yote hayo yaligombaniwa kwa ajili ya anwani za zamani. Za toleo la sita, AFRINIC ilikwisha kupewa fungu kubwa tangu mwaka 2006, na hakuna aliyezigombania, kwa kuwa zimejaa tele.

Dunia nayo haikukaa. Tarehe 6 Juni 2012 makampuni makubwa ya mtandao yaliwasha anwani mpya moja kwa moja, pasipo kuzima tena. India ilipata msukumo mkubwa mwaka 2016, pale kampuni mpya ya simu ilipojenga mtandao wake juu ya toleo la sita tangu mwanzo, na leo zaidi ya nusu ya watumiaji wa nchi hiyo wanalitumia bila kujua. Kwa vipimo vya Google, sehemu ya watumiaji wake duniani wanaofika kwa anwani mpya inakaribia nusu. Katika kanda yetu Kenya imetangulia. Uganda bado iko nyuma sana, ingawa hatukosi wajuzi. Mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, RENU, umekuwa ukifundisha na kutumia toleo la sita, na hapo Nakawa penyewe kiko chuo cha taifa cha teknolojia ya habari na mawasiliano katika barabara ya Port Bell.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali la nyumbani, maoni yetu ni kwamba limeulizwa vibaya. Hakuna anayelazimika kuchagua moja na kuitupa nyingine. Ruta nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi iliyopita, na karibu simu zote zinazouzwa sasa, husema lugha zote mbili. Zikikuta njia mbili hujaribu zote kwa pamoja na kuifuata ile iliyojibu kwanza. Mwenye simu haoni tofauti. Televisheni ya zamani itaendelea na anwani yake ya zamani katika nyumba ile ile. Yule mpangaji wa vipuri, kampuni ikimpa mtaa wa anwani mpya, angeweza kuifungulia kamera yake mlango mmoja, kwa simu yake peke yake, bila kupita kwa mtu wa kati. Hata makarani wakubwa wangepumzika, maana kila mazungumzo yanayopita kwa anwani mpya yanawapunguzia daftari.

Lakini iko tahadhari, na watetezi wa toleo jipya hawapendi kuitaja. Nyumba ikipewa anwani za hadharani kwa kila chombo, yule askari wa getini lazima awepo kweli. Ruta nyingi humweka zenyewe. Baadhi za bei rahisi humwacha amelala. Kabla ya kuwasha, fundi athibitishe kwamba ruta inakataa mazungumzo yanayoanzia nje, tena kwa toleo la sita na si la nne tu, kwani mara nyingine amri hizi huandikwa mahali pawili tofauti. Jambo jingine ni kuhama kampuni. Kwa mtindo wa karani, ukibadilisha kampuni, anwani za ndani hubaki zile zile. Kwa mtindo mpya, mtaa wote hubadilika, na printa iliyoandikwa kwa anwani yake kamili hupotea. Dawa yake ipo tangu mwaka 2005, nayo ni kuipa nyumba pia anwani za ndani za kudumu za toleo lilo hilo. Ila ni fundi mwenye bidii ndiye atakayezipanga.

Tatizo kubwa halimo chumbani mwa mteja. Mtu anaweza kununua ruta nzuri ya kwanza sokoni, akaiwasha kila kitu, na isipate hata anwani moja mpya, kwa sababu kampuni haijaileta mpaka nyumbani kwake. Kampuni nazo husema wateja hawaombi. Wateja hawaombi kwa kuwa hawajui kuna kitu cha kuomba. Duara hilo ndilo lililotuchelewesha, na kulikata ni kazi ya wanaotoa leseni na wanaonunua kwa wingi kuliko ya mama mwenye duka. Idara ya serikali inaponunua intaneti kwa ofisi zake, kuandika katika mkataba kwamba toleo la sita litolewe sambamba na la nne ni sentensi moja tu, na muuzaji akikwisha kujenga kwa ajili ya ofisi, kufikisha mitaani ni hatua fupi.

Msikilizaji anayetaka kujua anasimama wapi anaweza kufanya hivi usiku huu. Afungue ukurasa wa mipangilio wa ruta yake, atazame anwani ambayo ruta imepewa na kampuni, ile ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi yuko nyuma ya karani mwingine, na hakuna mpangilio wa nyumbani utakaomtoa. Kisha atazame kama pameandikwa anwani ndefu yenye herufi. Nyingi za Afrika huanza na 2c0f. Ikiwa haipo, apige simu kwa kampuni yake na kuuliza mambo mawili: je, mnatoa anwani za toleo la sita kwa wateja wa majumbani, na je, nyumba moja hupewa mitaa mingapi? Jibu zuri kwa swali la pili ni mitaa 256. Mtaa mmoja peke yake hautamtosha mwenye kutaka kutenganisha mtandao wa wageni na wa kamera. Aandike tarehe na jibu alilopewa. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo ofisi zake ziko Bugolobi, hupokea malalamiko ya wateja, na lalamiko lenye tarehe na maneno yaliyosemwa husikilizwa mapema kuliko manung'uniko ya jumla.